KIPYA KINYEMI, LAKINI SPANA IKO MKONONI MWA NANI?

Ukipita katika mitaa ya Chumbageni, mjini Tanga, asubuhi kabla jua halijawa kali, hutakosa kusikia nyundo ikigonga chuma. Chini ya mwarobaini fundi amelala chali juu ya kipande cha boksi, na juu yake limesimama gari ambalo umri wake unazidi umri wa vijana wanaomsaidia kazi. Ni Land Rover ya zamani, ile ya springi za vyuma bapa, ambayo milango yake haifungiki ila kwa kishindo. Rangi yake ya juu imepigwa na kurudiwa mara nyingi, lakini pale ilipobanduka huonekana rangi ya asili iliyo chini yake: kijani cha jeshi.

Mwandishi wa makala haya alisimama siku moja mahali kama hapo akasikiliza mabishano. Kando ya kuukuu hilo palikuwa na gari jingine la magurudumu manne, jipya, lenye kung'aa, ambalo lilikuwa limefika hapo kwa kuvutwa kwa kamba. Taa ndogo ya njano ilikuwa ikiwaka mbele ya dereva, na injini ilikataa katakata kuwaka. Kijana mmoja alilitetea gari jipya kwa maneno mengi: kwamba lina nguvu, lina breki za uhakika, halinywi mafuta ovyo. Fundi mzee alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema: "Mwanangu, sikatai kwamba hilo ni bora. Nakuuliza neno moja tu. Hili langu lina spana, na spana ninayo mimi. Hilo lenu linataka kompyuta. Hiyo kompyuta anayo nani?"

Watu walicheka, lakini swali la fundi yule si la mzaha. Magari haya ya magurudumu manne yalizaliwa kwa ajili ya vita, na mpaka leo jeshi lolote lisilokuwa nayo ni jeshi la waenda kwa miguu. Kwa hiyo swali la nani mwenye spana ni swali la ulinzi wa taifa kabla halijawa swali la gereji. Makala haya hayana nia ya kuzungumzia mipango ya jeshi letu, ambayo ina wenyewe. Yanazungumzia mambo yaliyo wazi kwa kila mwananchi: tofauti kati ya gari la zamani na gari jipya, na somo ambalo nchi kama yetu haina budi kulipata katika tofauti hiyo.

ZAMANI MZIGO ULIBEBWA NA MABEGA

Yafaa tuanze na ukumbusho. Hapa hapa Tanga, kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikubwa kwa ajili ya ardhi isiyokuwa yao. Katika miaka minne iliyofuata majeshi ya wakoloni hao yalifukuzana kutoka pwani hii mpaka kusini ya mbali. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo. Magari yalikuwa machache, na barabara za kuyapitisha hazikuwapo. Basi chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilipandishwa juu ya mabega na vichwa vya Waafrika. Watu walioandikishwa au kukamatwa kwa kazi hiyo walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, ambalo leo hututajia soko, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Tunalikumbuka jambo hili kwa sababu linatuonyesha kazi hasa ya gari la jeshi. Gari la jeshi si pambo la gwaride. Ni chombo cha kumpunguzia mwanadamu mzigo na kumwokolea maisha. Gari lisilofika penye askari, au linalofika likafia hapo, linamrudisha askari katika hali ya mpagazi wa mwaka 1916.

GARI LA ZAMANI LILIJENGWA KWA DHIKI

Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani ndio walioutatua mkasa huo. Mwaka 1940 jeshi lao liliomba gari dogo, jepesi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Likazaliwa Jeep, gari la tani moja na ushei, lenye injini ya nguvu za farasi 60. Viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya 600,000 kabla vita haijakwisha. Askari wanne waliweza kulinyanyua kutoka matopeni, na askari mwenye mafunzo ya majuma machache aliweza kulitengeneza porini.

Vita ilipokwisha Uingereza ilikuwa maskini. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na kila kiwanda kilitakiwa kuuza bidhaa nje ili kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover ikatazama Jeep, ikajenga gari lake kwa kile kilichopatikana: fremu ya chuma, na mwili wa bati la alumini, ambayo haikuwa ikigawiwa kwa kibali. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kuinunua, na haukupita muda mrefu ikaenea katika makoloni yote, ikiwabeba mabwana shauri, polisi, mameneja wa mashamba ya mkonge na wapima ardhi.

Jambo la kutia maanani ni hili: ubora wa gari lile ulitokana na dhiki. Bati lake lilikuwa bapa kwa sababu mitambo ya kukunjia bati ilikuwa ghali, na kwa hiyo fundi wa kijijini naye aliweza kulikunja kwa nyundo na gogo. Kila kipande kilifungwa kwa nati iliyo wazi. Springi zake zilikuwa vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mhunzi yeyote aliweza kufua kimoja kilipovunjika. Injini ya petroli ilihitaji vitu vitatu tu: mafuta kutoka kwenye kabureta, cheche kutoka kwenye plagi, na hewa. Gari likizimika, dereva alivitazama vitatu hivyo kimoja kimoja, na kwa kawaida aliukuta ugonjwa kabla jua halijatua.

Magari haya yakarithiwa na nchi zilizopata uhuru. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, Land Rover ilikuwa ndiyo gari lililozoeleka kote Afrika ya Mashariki. Na lilipofika jaribio kubwa, pale majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Land Rover zilikuwamo katika safari ile ndefu. Adui alilivunja daraja la Kyaka mwezi Novemba. Jeshi letu likatandika daraja la muda likavuka. Sehemu kubwa ya askari wetu waliingia Uganda kwa miguu, na malori na mabasi ya wananchi na mashirika yakachukuliwa kuhudumia vita. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imekombolewa. Vita ile haikushindwa na gari la ajabu. Ilishindwa na watu, na nyuma yao vyombo ambavyo watu hao walijua kuvitengeneza.

TUSISIFU KWA KUSAHAU

Lakini mwenye kusema kweli haisemi nusu. Wapo wazee wetu wanaozungumzia Land Rover ya zamani kama kwamba haikuwa na kasoro, na vijana wanaowasikiliza huenda wakaamini. Gari lile lilikuwa zito mkononi na jepesi wa breki. Lilikuwa halina mkanda wa kumfunga abiria wala kitu cha kumkinga likipinduka. Askari waliokaa nyuma walikaa kwenye mabenchi yaliyoelekeana, na gari likianguka katika kona za Soni au za Amani, walimwagika kama mihogo kutoka kwenye tenga. Shafti zake za magurudumu ya nyuma zilikuwa maarufu kwa kukatika, na kila mahali liliposimama liliacha alama ya oili.

Sisi watu wa Tanga tunaijua kasoro nyingine kwa macho. Alumini haishiki kutu kama chuma, na kwa hiyo mwili wa gari hubaki safi kwa miaka mingi. Lakini fremu iliyo chini ni ya chuma, na upepo wa bahari unaovuma hapa mwaka mzima huila kwa ndani, polepole, bila ya kuonekana. Pale alumini na chuma vinapogusana penye chumvi huliana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndiyo maana utaona Land Rover inayopendeza kwa nje, kumbe fundi akiingiza bisibisi kwenye fremu yake inazama kama kwenye boga. Mwenye kumpakia mwanawe katika gari kama hilo kwa sababu tu ni la kihistoria amemkosea mwanawe.

Wala si kweli kwamba gari la zamani lilitufanya tujitegemee moja kwa moja. Tukumbuke miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilipoadimika. Magari ya serikali, ya mashirika na ya vijiji yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa raba ya breki au beringi moja. Spana tulikuwa nayo, lakini kipuri hatukuwa nacho, kwa sababu kilitengenezwa ng'ambo. Mafundi wetu walikata raba za springi kutoka kwenye matairi machakavu na kulitoa gari moja mhanga ili mawili yatembee. Ilikuwa busara ya kusifiwa, lakini ilikuwa busara ya mtu aliyebanwa. Asiyetofautisha ujuzi wa kurekebisha na uwezo wa kutengeneza atadhani tumefika, na kumbe tuko nusu ya njia.

GARI JIPYA NA UHAI WA ASKARI

Sasa tulitazame gari jipya kwa haki ile ile. Sababu kubwa iliyobadilisha magari ya jeshi duniani ni bomu la kutegwa ardhini, na historia ya jambo hili inatuhusu sisi kuliko wengi wanavyofikiri. Katika miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Zimbabwe na Namibia walitega mabomu katika njia zilizopitwa na majeshi ya walowezi na makaburu. Land Rover na malori ya majeshi hayo yalirushwa kama makopo. Ndipo watawala wa Rhodesia na Afrika Kusini walipobuni magari yaliyoinuliwa juu, yenye tumbo lililochongoka kama mkuku wa jahazi, ili mlipuko upasuke na kwenda kando badala ya kupiga sakafu moja kwa moja. Casspir ya Afrika Kusini ni mojawapo ya magari hayo. Kwa hiyo umbo ambalo leo linawalinda askari wa Umoja wa Mataifa lilibuniwa na madhalimu waliokuwa wakiwakimbia wakombozi. Hiyo si sababu ya kulikataa. Elimu haina kabila, na silaha nzuri iliyotoka kwa adui yafaa ijulikane.

Wamarekani nao walijifunza kwa damu. Humvee yao, iliyoingia jeshini mwaka 1985 kuchukua nafasi ya Jeep, ilikuwa gari hodari la porini, pana, lenye tumbo lililo juu ya ardhi kwa sentimita 40 hivi. Lakini nyingi zilikuwa hazina silaha za kukinga. Mogadishu mwaka 1993 na Iraki kuanzia mwaka 2003 zilionyesha kwamba uhodari wa kupita matopeni haumsaidii askari anayelipuliwa barabarani. Wakaziongezea mabamba ya chuma mpaka zikalemewa, springi zikachoka na injini zikahema. Mwishowe, mwaka 2015, waliichagua kampuni ya Oshkosh iwatengenezee gari jipya kabisa. Gari hilo lina uzito wa zaidi ya tani 6, yaani uzito wa Jeep tano au sita za babu zao.

Msomaji aweza kusema kwamba Mogadishu na Iraki ni mbali. Darfur je? Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliokuwa katika kazi ya kulinda amani waliuawa huko Darfur Kusini, baada ya msafara wao kuviziwa, na wenzao wengi walijeruhiwa. Hao walikuwa wana wa mama zetu, na walikufa wakiwalinda wana wa mama wengine. Mbele ya makaburi yao hakuna Mtanzania mwenye haki ya kusema kwamba gari lenye bati la alumini latosha kwa sababu fundi wa Chumbageni aliweza kulitengeneza. Penye hatari ya bomu na risasi, askari wetu apewe gari lililojengwa kwa ajili ya bomu na risasi. Katika hilo hakuna mjadala.

MTEGO ULIOMO NDANI YA KOMPYUTA

Mjadala unaanzia hapa: gari hilo litakapoharibika, nani atalitengeneza?

Katika gari jipya kabureta haipo. Kompyuta ndogo ndiyo inayopima hewa, joto na mwendo, kisha inaamua mafuta kiasi gani yaingie katika injini. Faida yake ni kubwa: moshi hupungua, mafuta hupungua, nguvu huongezeka. Lakini kidude kimoja cha kupimia kikiingiwa na maji au vumbi, kompyuta hupunguza nguvu ya injini au huizima kabisa. Kujua kidude kipi kimeharibika kwahitaji chombo cha kuzungumza na kompyuta hiyo. Chombo hicho huwa na programu yake, na programu hiyo huwa na leseni ambayo mwuzaji anaweza kuitoa au kuinyima. Mafuta nayo yanataka kuwa safi, kwa maana nozeli za siku hizi zina matundu membamba mno; dizeli ya dumu iliyochujwa kwa kitambaa, ambayo injini ya zamani iliinywa bila manung'uniko, yaweza kuziua kwa siku moja.

Hapo ndipo mtego ulipo. Nchi inaweza kulipa bei kamili ya gari, ikalipaka rangi yake na kulibandika bendera yake, na bado gari lile likawa mali ya mwingine. Siku mwuzaji atakapokasirika, au serikali yake itakapokasirika, hana haja ya kutuma manowari. Atanyamaza tu, asitume programu, na magari yatasimama yenyewe. Tulipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 tulisema kwamba anayetegemea fedha za mwingine amejinyima uhuru wake. Leo yatupasa tuongeze kwamba anayetegemea ufunguo wa mwingine naye amejinyima.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya nchi maskini inayoona haya umaskini wake. Marekani yenyewe, yenye jeshi tajiri kuliko yote duniani, imekwama katika mtego huo huo. Kwa miaka mingi mikataba ya wauzaji iliwazuia askari wake kutengeneza baadhi ya vyombo vyao wenyewe, kwa sababu michoro na programu zilibaki kuwa mali ya kampuni. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliagiza kwamba mikataba ya jeshi la nchi kavu iwe na haki ya jeshi kujitengenezea. Ikiwa tembo analia kwa mwiba huo, sungura asijifanye kwamba haumchomi.

UPYA SI LAZIMA UWE KIFUNGO

Je, basi, hakuna njia kati ya kuukuu lisilo na usalama na jipya lisilofunguka? Ipo, na majeshi yenye busara yameipita.

Waingereza wenyewe walitoa mfano. Katikati ya miaka ya 1990 jeshi lao liliagiza Land Rover mpya zilizoimarishwa kwa kazi ya kijeshi. Injini zilizowekwa humo zilikuwa za dizeli zisizotegemea kompyuta, ingawa kiwanda kile kile kiliingiza injini ya kompyuta katika magari ya raia mwaka 1998. Gari lenyewe la asili lilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016, baada ya kutoka zaidi ya milioni 2. Defender iliyotolewa mwaka 2019 haina fremu ya kubebea mwili wala ekseli nzima za zamani, na hutengenezwa Slovakia. Ni gari zuri la tajiri, lakini jina tu ndilo lililorithiwa. Spana haikurithiwa.

Wajapani nao wanaendelea kuuza Toyota Land Cruiser ya aina iliyoanza mwaka 1984. Ndiyo ile ambayo watu wetu huiita "mkonga" kwa ajili ya bomba lake la hewa lililopanda juu kama pua ya tembo. Kwa miaka mingi iliuzwa Afrika na injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta, na hiyo ndiyo sababu polisi, hospitali na mashirika ya misaada waliing'ang'ania. Nguvu ya wepesi huo ilionekana Chad mwaka 1987. Wapiganaji wa nchi ile walifunga makombora juu ya magari madogo ya Toyota, wakayashinda majeshi ya Libya yenye vifaru huko Fada na Ouadi Doum. Dunia ikaiita vita ile kwa jina la gari.

Mifano hii yatufundisha kwamba upya na ugumu wa kufungua si kitu kimoja. Gari laweza kuwa na breki za kisasa, mikanda, chuma cha kumkinga abiria na tumbo la jahazi, na bado likatengenezeka mikononi mwa fundi wetu. Linalotakiwa ni mnunuzi anayejua kuuliza kabla ya kutia sahihi.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kila gari la umma, liwe la jeshi, la polisi au la hospitali, linunuliwe pamoja na elimu yake. Mkataba utaje vitabu vya ufundi, vyombo vya kupimia kompyuta, haki ya kuvitumia bila ya kikomo, na mafunzo kwa mafundi wetu. Mwuzaji anayekataa masharti hayo ametuambia wazi kwamba anakodisha, hauzi. Basi naye alipwe bei ya kukodi.

Pili, aina ziwe chache. Ghala lenye aina kumi za magari lahitaji mafundi wa namna kumi na vipuri vya namna kumi, na siku ya haja kitakosekana kile kinachotakiwa. Hata katika kazi ya Umoja wa Mataifa nchi hulipwa kwa magari yake yanayotembea. Yaliyokufa hayaliletei taifa heshima wala malipo.

Tatu, tuendelee na kazi tuliyoianza wenyewe. Pale Kibaha lipo shirika la Nyumbu, chini ya Wizara ya Ulinzi, lililoanzishwa kwa nia ya kubuni gari la Kitanzania, na lori la Nyumbu lilipata kutengenezwa hapo. Wapo waliocheka kwamba lori lile lilikuwa na sura ngumu. Jeep nayo ilikuwa na sura ngumu, na Land Rover ya mwaka 1948 ilijengwa kwa bati lililobaki. Asiyeanza na kibaya hatafika kwenye kizuri. Shirika hilo lipewe kazi iliyo karibu na mkono: kufua springi, kutengeneza raba, beringi na mabamba ya kukinga, na kujifunza kuzifungua kompyuta za magari tunayonunua. Tukianza na kipuri, gari litafuata.

Nne, vijana wafundishwe ufundi wa aina zote mbili. Katika mkoa huu peke yake tunazo kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za Maramba na Mgambo, na mjini Tanga kipo chuo cha ufundi cha VETA. Kijana anayetoka huko aweze kusikiliza injini kwa sikio kama mzee wa Chumbageni, na aweze pia kusoma inachosema kompyuta. Wazee wenye ujuzi wa kwanza wanazeeka, na wengi wao hawakuandika walichokijua. Wakiondoka kabla hawajaurithisha tutakuwa tumepoteza chuo kizima kisicho na jengo.

Tano, magari yaliyokwisha umri yaondolewe kazini kwa heshima. Moja lihifadhiwe ili watoto walione; mengine yavunjwe. Wenye Land Rover walipokusanyika kwa wingi mjini Arusha mwezi Oktoba 2024, wengi walifurahi kuona kuukuu zinatembea, na furaha hiyo ni halali. Lakini gari la maonyesho ni jambo moja, na gari la kumbebea askari mlimani usiku wa mvua ni jambo jingine.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wakasema tena usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yatuonya tusipumbazwe na mng'ao; ya pili yatuonya tusitupe tulicho nacho kabla hatujakishika kilicho bora. Tulicho nacho, ambacho hatuna budi kukishika kwa mikono miwili, si lile bati la alumini wala ile fremu inayoliwa na chumvi. Ni ule ujuzi wa mtu anayelala chali chini ya gari na kuinuka akiwa ameushinda ubovu wake.

Siku ile Chumbageni gari kuukuu liliwaka kabla ya adhuhuri, likaondoka na moshi wake. Lile jipya lilibaki chini ya mwarobaini likingoja kompyuta kutoka mbali. Tukinunua kwa akili, ataweza kulifungua kijana wa hapa hapa. Tukinunua kwa macho, litaendelea kungoja, na sisi tutangoja pamoja nalo.